Kukaza Sana na Kukaza Sawa

Mhadhara kwa mafundi, madereva na wenye magari, Lushoto



Kutoka hapa Lushoto kushuka Mombo ni kilomita 33, na katika kilomita hizo gari huteremka karibu mita elfu moja, likipitia Soni, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Fuso iliyosheheni kabichi na viazi ikiingia kwenye kona, uzito wote huegemea matairi ya nje, na kila tairi linashikwa na nati tano au sita. Nimeombwa nizungumze juu ya nati hizo na juu ya spana inayostahili kuzikaza, ile ambayo mafundi huiita toki renchi na ambayo magereji mengi hayana.

Kwanza tukubaliane nati inalishikaje tairi. Ukiuliza gereji, utajibiwa haraka kwamba stadi ndizo zinazobeba. Kwa kweli stadi hazikutengenezwa kubeba tairi. Bolti ikikazwa hurefuka, kidogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na kwa kuwa chuma hutaka kurudi urefu wake wa awali, huvuta. Mvuto huo ndio unaoibana rimu kwenye habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo, breki na kona. Mvuto ukitosha, rimu haisogei hata unywele. Ukipungua, rimu huanza kucheza, na hapo stadi hukunjwa huku na huku kila tairi linapozunguka. Chuma kinachokunjwa hivyo huchoka, na siku kinapokatika hakimtumii dereva salamu. Ukiona michirizi ya kutu inachirizika kutoka chini ya nati, au tundu la rimu limekuwa na umbo la yai, ujue mchezo ulianza zamani. Rimu hiyo haitibiwi kwa kukaza tena; inaondolewa.

Basi wapo wanaosema: kama kulegea ni hatari, dawa ni kukaza mpaka mwisho. Fundi huchomeka bomba la mita moja kwenye spana ya tairi, utingo akapanda juu yake akaruka mara mbili, na mwenye gari akaridhika. Lakini chuma kina kikomo chake. Kikivutwa ndani ya kikomo hurudi. Kikivutwa kupita hapo hubaki kirefu, shingo yake ikawa nyembamba, nacho hakina tena nguvu ya kuvuta kama kilivyokuwa. Aliyeruka juu ya bomba huenda ameipunguzia bolti nguvu huku akiamini ameiongezea. Na kama hakuikata leo, amemwachia msiba atakayepata pancha usiku pale juu ya Soni na spana fupi mkononi.

Kati ya kulegea na kupita kikomo kuna nafasi, na watengenezaji wa gari wameiandika kwa tarakimu. Nguvu ya kuzungusha hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya mkono kwa urefu wa spana, na kipimo chake ni nyutoni-mita, Nm kwa kifupi. Toyota ndogo nyingi tunazoziona hapa, za jamii ya Corolla na Noah, nati zao za tairi hukazwa kwa Nm 103. Lori kubwa la matairi kumi huvuka 500. Vitabu vya Kijapani huandika kipimo kilekile kwa namna tatu: Nm 103, au kilo-sentimita 1,050, au paundi-futi 76. Hapa ndipo wengi hupotea. Spana nyingi za mtumba zina mistari miwili ya vipimo, na aliyeweka 103 kwenye mstari wa paundi-futi amekaza karibu Nm 140, zaidi kwa theluthi nzima. Kabla ya kuzungusha mpini, soma herufi zilizo pembeni ya mstari.

Sasa nisemalo hapa ndilo naomba muondoke nalo, maana hata wenye spana nzuri hawalijui. Spana ya toki haipimi mvuto wa bolti. Inapima jasho la mkono wako. Jasho hilo linakwenda wapi? Karibu nusu yake huliwa na msuguano chini ya nati, pale inapokanyaga rimu. Sehemu kubwa ya kinachobaki huliwa na msuguano kwenye nyuzi. Kinachofika kuivuta bolti ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo msuguano ukibadilika kidogo, mvuto hubadilika sana, na spana itaendelea kusema "tayari" kwa sauti ileile.

Tupige hesabu, kwa kuwa hesabu hii haihitaji shahada. Bolti ya milimita 12, nyuzi kavu na safi, ikikazwa kwa Nm 100, huvuta kama nyutoni 42,000. Hizo ni zaidi ya tani nne kwa bolti moja. Ipake oili nyuzi, kaza kwa Nm 100 zilezile, mvuto unapanda kufika kama 55,000, yaani tani tano na nusu. Fundi hakuongeza chochote isipokuwa kitambaa chenye oili. Nyuzi zikiwa na kutu na tope la masika, mambo hugeuka: spana inalia, fundi anainuka na kufuta mikono, na bolti huenda haijavuta hata nusu ya ilichotakiwa.

Kwa sababu hiyo nawaambia vijana kwamba matumizi sahihi ya spana hii huanza kabla ya kuishika. Brashi ya waya ipite kwenye nyuzi. Nati izungushwe kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma kwa vidole kuna kasoro, usiilazimishe. Kama kitabu hakisemi upake oili, usipake, kwa maana tarakimu zile ziliandikwa kwa nyuzi kavu. Kuna pia jambo ambalo wenye magari hapa hulipenda sana, nalo ni kupaka rangi rimu. Gari likitoka kwa mpaka rangi linang'aa kama la harusi, lakini rangi nene iliyokauka kati ya rimu na habu, au chini ya nati, hubonyea na kutafunika kadiri gari linavyotembea, na bolti iliyokuwa imerefuka vizuri ikarudi kuwa fupi. Ng'arisha uso wa nje utakavyo. Pale chuma kinapogusana na chuma, kwangua. Na rimu za alumini zina nati zake. Usiazime za rimu za chuma kwa kuwa nyuzi zimeingia.

Kuhusu spana yenyewe, aina iliyoenea ni ile inayotoa mlio wa "tak". Ndani yake kuna springi. Unazungusha mpini kuikandamiza kufikia tarakimu unayotaka, na nguvu ikifika kuna kitu kinateleza na kugonga. Ishike katikati ya mpini, pale palipochorwa mistari ya kushikia, kwa sababu ukishika mbele au nyuma baadhi ya spana hudanganya. Vuta polepole, mkono ukisogea kwa mwendo mmoja. Ikigonga, acha. Hii "tak" ya pili na ya tatu ya kujiridhisha, ambayo nimeisikia hata kwa mafundi wenye mvi, kila moja inaongeza nguvu juu ya ile iliyokusudiwa. Usiitumie kufungulia nati iliyogoma. Ina kazi moja. Ikianguka kwenye sakafu ya zege, isiaminiwe mpaka ipimwe. Jioni irudishe kwenye tarakimu yake ya chini kabisa ili springi ipumzike, ila usivuke hapo ukailegeza kupita kiasi, vitu vya ndani vikahama. Usiipe pia kazi isiyo saizi yake: spana inayofika Nm 200 isitumike kukaza Nm 15 za plagi. Chini ya sehemu ya tano ya uwezo wake haina la kukwambia.

Kurefusha spana kuna sheria zake. Bomba la soketi linaloshuka wima kutoka kwenye kichwa halibadilishi kipimo. Lakini kiungo kinachoisogeza soketi mbele, kama kile cha mdomo wazi kinachotumika mahali soketi haiingii, kinairefusha spana, na hesabu lazima ibadilike. Spana ya sentimita 50 iliyoongezwa sentimita 5 mbele, ukitaka bolti ipate Nm 100, weka 91. Ukikigeuza kiungo hicho kikae pembe mraba na mpini, weka 100 bila wasiwasi.

Mimi binafsi, kwa gereji changa isiyo na fedha ya kupoteza, ningenunua ile ya zamani ya mshale. Ni chuma kimoja kinachopinda unapovuta, na mshale usiopinda unaonyesha kwenye bamba la tarakimu. Haina mlio wala madaha. Pia haina springi ya kuchoka, na kila asubuhi unaona mwenyewe kama mshale umekaa kwenye sifuri. Vijana huidharau kwa sura yake.

Najua lipo swali linalowakereketa wazee waliokaa nyuma. Reli inayopita Mombo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, ikasonga mbele hadi Moshi. Juu ya milima yetu Wajerumani walitundika waya wa kusafirishia magogo kutoka Shume hadi Mkumbara, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Vyuma vyote hivyo vilikazwa kwa spana za kawaida. Historia ya spana ya toki hutajwa kuanza 1918, kwa Conrad Bahr wa idara ya maji ya jiji la New York, aliyechoshwa na mabomba kupasuka kwa sababu mafundi walikaza bolti za viungo bila ulinganifu. Hati ya ubunifu wake na mwenzake George Pfefferle ilipatikana baadaye. Sasa reli ilisimamaje?

Ilisimama kwa sababu ya watu wa genge. Reli haikukazwa ikaachwa. Kila kipande cha njia kilikuwa na watu wake waliotembea kwa miguu na nyundo na spana ndefu, wakigonga, wakisikiliza, wakikaza iliyolegea. Spana ile ilikuwa na urefu wake maalumu na mtu alikatazwa kuirefusha. Urefu wenyewe ulikuwa ndio kipimo. Bolti zilikuwa nene kuliko ilivyohitajika na chuma chake laini. Anayetaka kuishi bila spana ya toki kwa hoja ya wazee, na achukue pia desturi ya wazee: atembee kuizunguka Fuso yake kila asubuhi na spana ya urefu mmoja. Sioni wengi wanaofanya hivyo. Halafu injini za leo hazikutengenezwa kwa chuma kile. Ni alumini, bolti zake nyembamba, na zimekokotolewa zifanye kazi karibu kabisa na kikomo.

Injini ndizo zinazoteseka kwenye mlima huu kuliko matairi. Gari likipanda kutoka Mombo na mzigo, jua la bondeni, gia ya pili mwendo mzima, likichemsha mara moja tu, hedi huweza kupinda na gasketi kuungua. Linaletwa gereji, hedi inashushwa, inachongwa, inarudishwa, na baada ya wiki maji yanavuja palepale. Mwenye gari analaumu gasketi "ya Kichina". Mara nyingi gasketi haina kosa. Bolti za hedi lazima zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kukatisha, ili chuma kijitandaze. Ukianza upande mmoja unakifungia kiwimbi katikati, na kiwimbi hicho ndicho mlango wa maji.

Tena kuna injini ambazo tarakimu peke yake haitoshi. Chukueni ile 1NZ iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox, magari yaliyojaa kila mtaa wa nchi hii. Bolti zake za hedi hukazwa kwanza Nm 29, kwa utaratibu wake. Kisha kila moja huwekewa alama ya rangi na kuzungushwa nyuzi 90, yaani robo mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Kwa nini? Kwa sababu ya msuguano niliosema. Hatua ya kwanza inakalisha hedi tu. Baada ya hapo wahandisi waliacha kuamini jasho la mkono wakafuata mzunguko, maana nyuzi za bolti zikizunguka robo zinairefusha bolti kwa kiasi kilekile, iwe na oili au isiwe nayo. Fundi anayekaza bolti hizi "mpaka zikae ngumu" anabahatisha mahali ambapo watu walikaa miaka wakiondoa bahati. Bolti za namna hiyo zinapimwa urefu kabla ya kurudishwa. Iliyorefuka kupita kitabu inatupwa, hata kama inaonekana mpya.

Haya, asiye na spana ya toki afanyeje? Mkulima wa viazi wa Lukozi anajua habari ya lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa kupita kipimo, kuliko mimi. Gunia likikadiriwa kwa macho, makadirio humfaidi mnunuzi. Ndiyo maana wakulima wanadai mizani, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo hukagua mizani za sokoni na kuzitia alama. Mizani hiyohiyo ya kuning'iniza, yenye ndoano na uso wa saa, inaweza kukaza nati. Chukua spana ya tairi imara, pima sentimita 50 kutoka katikati ya soketi, tia alama kwa msumeno. Ielekeze spana kushoto ikiwa mlalo, tundika ndoano kwenye alama, shika mizani juu na uvute wima kwenda juu. Mshale ukifika kilo 21, umekaza Nm 103, ndiyo nati ya Noah. Sharti ni kwamba mizani na spana vifanye pembe mraba. Ukivuta kwa kuinamisha, kipimo kinapungua.

Njia hiyohiyo inakagua spana ya toki uliyonunua mtumbani. Ibane kichwa chake kwenye jiliwa, mpini ukae mlalo, tundika dumu la lita 20 la maji sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa. Maji kilo 20, dumu tupu kama kilo moja: ni 103 tena, na uzito wa spana yenyewe huongeza kidogo. Ikikataa kugonga hata ukiweka 90, au ikigonga hata ukiweka tarakimu iliyo juu sana ya hiyo 103, kuna jambo. Hiyo haichukui nafasi ya maabara. Viwango vya kimataifa vinataka spana ya mlio ihakikiwe kila mwaka au kila ikivutwa mara 5,000, na isikosee zaidi ya asilimia 4, na Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya kazi kama hizo Dar es Salaam. Gereji tatu zikichanga, gharama ya kupeleka spana moja si mzigo. Ila dumu la maji lipo kila gereji, na haligombi.

Nimalizie kwa lori la mboga, kwa kuwa ndilo lililonileta. Tairi jipya lililofungwa, hata kwa spana bora, hujikalisha likitembea. Kutu na vumbi hubonyea na mvuto hupungua. Ndiyo sababu hushauriwa kukaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Wengi hukaza upya Mombo, kwa kuwa ndipo mteremko unapoishia na ndipo wanapokunywa chai. Mahali pabaya. Breki zimeshuka mlima mzima. Ngoma na habu ni za moto, stadi zimerefuka kwa joto, na ukikaza hapo unakaza kitu ambacho baada ya saa moja kitakuwa na urefu mwingine. Kunywa chai, kagua kwa macho, endelea Korogwe. Kutoka Lushoto umetembea kilomita 70 na zaidi, njia ya chini ni tambarare na breki hazikufanya kazi kubwa. Weka kiganja karibu na habu. Ukiweza kuigusa na kuuacha mkono hapo, kaza.

Kwenye Fuso za zamani zenye matairi pacha nyuma, nati ni mbili kwa kila stadi: ya ndani inabana tairi la ndani, ya nje inabana la nje. Ukikaza ya nje peke yake hujui ya ndani ina hali gani, kwa maana imefunikwa. Legeza ya nje, kaza ya ndani kwa kipimo chake, rudisha ya nje. Fanya moja moja, usilegeze zote pamoja. Na upande wa kushoto wa magari hayo nyuzi zimechongwa kinyume. Utingo mpya hajaambiwa hivyo, na atavuta kulia kwa nguvu zake zote akidhani anakaza. Mfundisheni kabla hamjapakia. Mkiwa hapohapo chini ya bodi, angalieni yu-bolti za springi, ambazo hukazwa gari likiwa na mzigo. Zikilegea, senta bolti ndiyo inayokatika, na ekseli ikahama mahali pake.

Maswali sasa, na ninaomba aanze mwenye Coaster pale, aliyekuwa akitikisa kichwa tangu niliposema juu ya bomba.